Wikiendi za mwanafunzi mgeni Moshi: pa kutembea bila gari, na vitamu vya kubeba hadi Nakuru

BintiNakuru

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni mwanafunzi kutoka Nakuru, niko Moshi kwa muhula mmoja. Vipindi vinaisha Ijumaa mchana, hivyo Jumamosi na Jumapili ziko wazi. Sina gari, bajeti ni ya mwanafunzi, na kupanda mlima wenyewe hakumo kwenye mpango.

Naomba kujua ni wapi pa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa magari ya abiria, na ni siku gani inafaa kwa wapi. Pili, mimi ni mtu wa vitu vitamu. Hapa watu hula nini kitamu, kinapatikana saa ngapi, na kipi kitafika Nakuru kikiwa bado kizima? Hosteli ninalo jiko la umeme la pleti moja, kwa hiyo kama kuna cha kujipikia nipeni vipimo kabisa, si "kiasi".

Mzee_wa_Kihamba

Marahaba binti, karibu Moshi.

Kabla ya yote jua saa za mlima, maana ndizo zinazopanga siku yako. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 au 3, halafu tena jua likikaribia kuzama. Hapo katikati jua linapasha mteremko, unyevu wa msituni unapanda, na ikifika saa 4 mara nyingi wingu limeshafunga. Ukitaka picha, tafuta ghorofa au uwanja ulio wazi upande wa kaskazini na uwe hapo mapema. Juni hadi Agosti kuna siku wingu haliondoki kabisa. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuuona ukiwa mtupu.

Materuni, kijiji chenye maporomoko ya maji, nenda Jumamosi. Jumapili asubuhi vijiji vya huku juu viko kanisani na magari ya kupanda Uru, kuliko na Materuni, huwa ya kusubiriwa. Ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini, ila ni mlima na kona, usiipimie kwa kilomita. Ukifika unajiandikisha kijijini, unalipa kiingilio pamoja na kijana wa kukuongoza, na unadai risiti. Kisha ni mwendo wa dakika 40 hadi saa nzima kwa miguu, njia nyembamba inayokata vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga: migomba juu, kahawa kivulini chini yake, magimbi pembeni mwa mfongo (mfereji wa maji). Maporomoko yana zaidi ya mita 80 kwenda juu, na manyunyu yake hukulowesha kabla hujafika kwenye kidimbwi, kwa hiyo simu iwe na mfuko wake. Maji ni baridi. Anayeruka ndani bila kujizoesha kwanza miguu na kifua hukata pumzi, basi shuka taratibu.

Safari nyingi za Materuni huharibiwa na viatu. Udongo mwekundu wa huku ukilowa huteleza kama sabuni, na raba iliyolika soli haishiki hata kidogo. Kwenda ni rahisi. Shida ni kwenye vipande vya kuteremka, magoti yakiwa yamechoka. Vaa kiatu chenye meno, ukubali fimbo ukipewa, usijitie ujana. Machi hadi Mei ni masika, ningekushauri uache. Novemba na Desemba ni vuli, unaweza kwenda, ila utoke mjini alfajiri ili mvua ya mchana ikukute umesharudi barabarani.

Ukimaliza maporomoko utaitwa kwenye kahawa. Ulizia bei kabla hujakaa. Buni zilizoiva huvunwa kuanzia Julai hivi kuelekea mwisho wa mwaka. Nje ya hapo watakuonyesha kwa kahawa iliyokwisha kukaushwa, na si utapeli, ndivyo msimu ulivyo. Zinatwangwa kwenye kinu kutoa ganda, zinapepetwa, zinakaangwa kwenye chungu juu ya mafiga, zinatwangwa tena. Sikiliza chungu: kahawa huanza kupasuka kama bisi. Ikiipuliwa kabla ya hapo, itakuwa na uchachu wa majani. Ikiachwa mpaka inang'aa mafuta, utakunywa mkaa. Iepuliwe pale milio inapoanza kupungua. Na kwa kuwa itatoka chungu, beba kashata zako kutoka mjini, huko juu usizitegemee.

Konda_Mstaafu

Mzee kasema vizuri, mimi naongeza ya barabarani.

Chemka, chemchemi ya kuogelea (wengine huiita Kikuletwa, wengine Maji Moto): panda gari lolote la Arusha au Hai, shuka Boma Ng'ombe. Kutoka hapo unashika njia ya vumbi ya kusini, upande wa Rundugai. Hapo ni bodaboda au bajaji, na mapatano ni ya kwenda NA kurudi, pamoja na muda wa kukusubiri, yote yasemwe kabla hujakaa. Ukilipia kwenda tu, jioni utakuwa huna sauti: kule mawindo ni wewe na wenye pikipiki ni wachache. Lipa nusu, nusu nyingine ukifika Boma.

Jina lisikudanganye, maji hayachemki. Ni ya uvuguvugu na yanaonyesha hadi chini, ndiyo maana watu hukosea kina. Sehemu za kurukia kwa kamba zina kina kirefu kuliko zinavyoonekana. Kama hujui kuogelea shika mizizi ya pembeni au kodi boya. Visamaki vitakung'atang'ata nyayo, havina madhara. Jumapili mchana pamejaa na muziki juu. Ukitaka utulivu fika Jumamosi kabla ya saa 4.

Materuni na Chemka siku moja? Wenye gari la kukodi hufanya hivyo. Kwa daladala acha kabisa, kwa sababu moja iko juu kaskazini ya mji na nyingine iko kusini ya barabara ya Arusha, na kila moja inakudai kurudi kwenye lami kwanza.

Nauli: viwango hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Uliza abiria mwenzako, usimuulize mpiga debe. Na coaster iliyojaa ndiyo inayoondoka. Ile tupu yenye injini inayounguruma itaunguruma hapo nusu saa.

Mama_Hiliki

Sasa tuje kwenye utamu, maana wanaume hawa wamekupeleka mlimani na njaa.

Vitamu vina saa zake. Vitumbua na maandazi ni vya alfajiri hadi saa 3. Vitumbua vya saa 5 ni vile vilivyokataliwa. Kitumbua kizuri ukikipasua ndani kina matundu madogo madogo na harufu ya nazi. Kikiwa kizito na cheupe katikati, mchele haukuumuka au chuma kilikuwa na moto mkali, nje kikawahi kuiva. Kashata, visheti na ubuyu ni vya kutwa nzima, jaribu Soko la Mbuyuni na pembezoni mwa soko la kati. Kaimati ni za jioni, na mwezi wa Ramadhani ndipo zinapojaa. Zile kula papo hapo, maana zikilala shira inaingia ndani na ukoko unalainika. Hazisafiri. Ndizi mzuzu za nazi, sukari na hiliki ni za nyumbani. Ukialikwa usiaibike, ongeza.

Vya kufika Nakuru ni viwili: kashata za karanga na visheti vikavu. Kashata za nazi nzuri, lakini nazi ina maji na mafuta yake huchachuka. Siku 3 au 4 basi. Za karanga kwenye kopo linalofunga vizuri zinakwenda wiki 3 bila neno.

Jipikie hivi. Karanga gramu 300, sukari gramu 200, hiliki punje 6 zilizotwangwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ndimu matone 5. Hakuna maji.

Kaanga karanga kwa moto mdogo mpaka ganda linatoka ukisugua, zipepete, zipasue nusu. Muhimu: zirudishe sehemu yenye joto. Karanga baridi ikiingia kwenye sukari iliyoyeyuka, sukari inaganda kabla hujachanganya, unabaki na donge huku karanga nyingine zikiwa uchi. Paka mafuta ubao, kisu na chupa ya kusukumia sasa hivi, si baadaye. Ukishaanza hutakuwa na mkono wa tatu.

Tia sukari na ndimu kwenye sufuria nzito, moto mdogo. USIKOROGE. Tikisa sufuria kwa mpini mpaka sukari ya chini iyeyuke na kuivuta ya juu. Ukikoroga mapema, au punje za sukari zikibaki zimeganda ukingoni zikadondokea ndani, sukari nzima hurudi kuwa mchanga. Ndimu ipo kwa ajili hiyo hiyo, inaizuia kurudi chembe. Ikifika rangi ya chai ya rangi, tia hiliki na chumvi, kisha karanga zote kwa mara moja, geuza haraka, mwaga ubaoni, sukuma iwe unene wa nusu sentimita, kata ingali moto. Una kama dakika moja na nusu. Ikishapoa haikatiki, inavunjika.

Jiko lako la pleti lina tabia moja: ukilizima bado linaendelea kuunguza. Kwa hiyo ondoa sufuria juu ya pleti rangi ikiwa bado hafifu kidogo ya ile unayoitaka, itamalizikia yenyewe. Sukari ikitoa moshi imeshakuwa chungu, hiliki haitaificha. Mwaga, anza upya. Na usionje kwa kidole, sukari iliyoyeyuka hushika ngozi na haitoki.

Ukitaka za nazi: nazi moja kubwa iliyokunwa (vikombe 2), sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, hiliki. Chemsha sukari na maji mpaka ukibana tone lililopoa kati ya vidole na kuachanisha, litoe uzi mmoja. Tia nazi, koroga kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10, mpaka donge linaachana na sufuria. Tandaza, ngoja lishikane kidogo, kata, acha lipoe kabisa. Lisiposhika, maji yalibaki, lirudishe motoni. Likimeguka kama makombo, umelikausha mno. Nazi za Moshi zimesafiri kutoka pwani, basi itikise usikie maji na uchungulie macho yake matatu. Penye ukungu au unyevu, rudisha.

BintiNakuru

Asanteni sana, hasa Mama Hiliki kwa vipimo. Maswali mawili yamebaki. Ninayo tamaimita (kipimajoto) ya jikoni, mapishi ya mitandaoni hutaja nyuzi joto. Je, niifuate? Na Arusha: nikitoka Moshi asubuhi Jumamosi, naweza kuona nini cha maana na kurudi kabla ya giza?

Mama_Hiliki

Kwa za karanga tamaimita haina kazi kubwa, ile ni sukari kavu, angalia rangi. Kwa shira yenye maji ndipo mwinuko unaingia: kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kwa hiyo kipimo kilichoandikwa na mtu wa pwani punguza nyuzi 3 ukiwa Moshi mjini, na 4 hadi 5 ukiwa Arusha ambako ni mita 1,400 hivi. Usipopunguza utaipika kupita, kashata za nazi ziwe ngumu za kuvunja meno. Lakini ukishazoea uzi wa vidoleni hutaihitaji hiyo tamaimita.

Jirani_wa_Duluti

Arusha Jumamosi ni chaguo zuri kwa sababu moja kubwa: soko la Tengeru. Siku zake kuu ni Jumatano na Jumamosi. Na huna haja ya kufika mjini kwanza. Tengeru iko barabarani ukitoka Moshi, kabla ya Arusha. Mwambie konda mapema, coaster za mwendo hazipendi kusimama.

Mpangilio wangu ungekuwa huu. Ondoka Moshi saa 12 na nusu. Ni kilomita 80 hivi hadi Arusha lakini sehemu nyingi mwendo ni wa 50, hesabu saa mbili. Shuka Tengeru, ingia sokoni kukiwa bado na ubaridi: ndizi kisukari, maparachichi, machungwa, na asali. Kwenye asali tulia kidogo. Ya nyuki wadogo ni nyepesi kwa asili na ina uchachu mtamu, ni ghali, kwa hiyo wepesi pekee si ushahidi kwamba imechakachuliwa. Majaribio ya kiberiti na glasi ya maji hayathibitishi kitu. Nusa, onja, ulizia ilirinwa lini na wapi. Anayeuza sukari iliyoyeyushwa kwa kawaida hana jibu la swali hilo. Kwa kuwa asali ya nyuki wadogo ina maji mengi huchacha na kujaa gesi, usijaze chupa hadi mdomoni na usiifunge kwa nguvu kwenye begi la nguo. Utafua.

Kutoka sokoni Ziwa Duluti ni mwendo mfupi kwa miguu au bodaboda. Ni ziwa la kreta, kuna njia ya msituni kulizunguka, kivuli kizuri, ndege wengi. Hifadhi hiyo ya msitu iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, malipo ni kwa namba ya malipo, si noti mkononi. Kama historia inakuvutia, ulizia makaburi ya Wapolandi hapo hapo Tengeru: wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi karibu 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Watu hupita barabara kuu miaka na miaka bila kujua.

Saa 7 panda kuelekea mjini. Hapo chagua moja, usikimbilie zote. Makumbusho ya Azimio la Arusha yako karibu na Mnara wa Mwenge na yanamfaa mwanafunzi, kwa kuwa Azimio la Februari 1967 ndilo lililofungua njia ya kutaifisha mabenki na viwanda vikubwa katika nchi anayosoma. Boma la Wajerumani la 1900 ndilo Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, nalo lina bustani ya kupumzikia. Halafu vitamu: maduka ya Kihindi katikati ya mji huwa na jalebi, ladu na barfi. Jalebi ziliwe siku hiyo, zikiwa na mvunjiko wake. Barfi ni maziwa, siku 2 au 3 kwenye baridi, kwa hiyo usiipangie Nakuru. Saa 10 uwe stendi. Ukichelewa hadi saa 12, coaster hupungua na utaingia Moshi usiku.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha niiache nje ya siku hii. Twiga, mbega na maziwa ya Momella vinahitaji gari, tafuteni wanafunzi wanne au watano mchangie. Wewe kama raia wa Afrika Mashariki utalipa kiwango cha kwenu kwa shilingi, ila lazima uonyeshe pasipoti au kitambulisho halisi, picha kwenye simu inaleta mabishano getini. Na lango halipokei fedha taslimu.

Kijana_wa_Himo

Mmesahau Ziwa Chala! Lipo karibu na mpaka, upande mmoja ni kwao Kenya, Taveta. Anaweza kuogelea pia.

Mzee_wa_Kihamba

Kuliona, ndiyo. Kuogelea, hapana, kijana wangu. Lile ni shimo la volkano, kuta zinateremka wima, hakuna ufukwe wa kusimama, na katikati kina ni karibu mita 90. Hakuna mlinzi wa waogeleaji. Halafu hakuna daladala inayofika ukingoni, ni bodaboda kutoka Himo kwa mapatano yale yale ya Konda. Na kwa kuwa mpaka unakatiza ziwani, binti atembee na pasipoti na kibali chake cha ukaazi, asije akaanza kujieleza porini. Upande ule ule wa Himo kuna Marangu, yenye maporomoko ya Kinukamori na Ndoro. Kwa asiye na gari ndiyo Jumamosi nyepesi zaidi, kwa sababu magari ya Marangu Mtoni yapo mengi.

Konda_Mstaafu

Naunga mkono Marangu. Ila ulizia "Mtoni", si "Geti". Geti ni la wapanda mlima, utajikuta juu huko peke yako na wabeba mizigo.

BintiNakuru

Nimeelewa. Jumamosi hii Materuni, inayofuata Tengeru, kisha Marangu. Mama Hiliki, ya mwisho: kashata nizifunge vipi kwa basi la Namanga? Mfuko wa nailoni utatosha?

Mama_Hiliki

Mfuko wa nailoni hapana. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Juni 2019, na kwenu tangu Agosti 2017. Hata bila sheria, usingefaa: kashata huvuta unyevu, zinanata zote kuwa kipande kimoja.

Subiri zipoe kabisa, saa mbili juu ya ubao, si ndani ya kopo; zikifungwa na joto hutoa jasho. Tumia kopo la bati la biskuti au la maziwa ya unga, kavu kabisa. Tandika karatasi ya kuokea chini, panga safu moja, karatasi, safu nyingine. Gazeti usitumie, wino unahamia kwenye sukari. Jaza pengo la juu kwa karatasi iliyokunjwa ili zisigongane, ndiko kunakovunja kashata, si uzito wa begi. Kopo likae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi juu ya injini ambako sukari inalainika. Visheti vikae kopo lake, vinachukua harufu ya hiliki na ya karanga. Ndizi za Tengeru zile hapa hapa, maana matunda mabichi mpakani yanaweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea.